Ardhi, Maji na Kalenda ya Chama: Jiografia ya Rufiji na Kibiti



Katibu wa chama cha msingi hufundishwa kutunza vitabu vya hesabu. Lakini kipo kitabu kingine kinachompasa kukisoma kwanza, nacho ni ardhi wanayoishi wanachama wake. Chama kisichokisoma huitisha mikutano isiyo na watu.

Nchi hii ina sehemu tatu. Ya kwanza ni vilima vya mchanga vya Kibiti na Bungu, ambako mafuriko ya mto hayafiki. Huko ndiko kwenye mikorosho, minazi na mihogo, na ndiko ipitako barabara kuu iendayo Lindi.

Ya pili ni bonde. Mto Rufiji huanzia makutano ya Kilombero na Luwegu, ukapokea maji ya Ruaha Mkuu, kisha ukatandaza matope yenye rutuba. Mkulima hupanda mpunga kwa mvua. Maji yakipungua hupanda mlau, yaani mahindi, kunde na mboga katika udongo uliobaki na unyevu.

Ya tatu ni delta, ambako mto hugawanyika matawi mengi katikati ya mikoko ienezayo hekta zipatazo 50,000. Wakazi wake huvua samaki na kamba, na hulima mpunga. Barabara yao ni maji, na chombo hungoja maji kujaa.

Historia imethibitisha nguvu ya ardhi hiyo. Baada ya mafuriko ya mwaka 1968, Serikali iliwahamisha wakulima kutoka bondeni hadi vijiji vya nchi ya juu. Watu walihama, lakini rutuba haikuhama. Hivyo mkulima aliendelea kuteremka bondeni na kukaa dunguni miezi kadhaa, akilinda mpunga dhidi ya nguruwe na ndege. Daftari la kijiji lilimwonyesha yuko nyumbani, hali yeye yuko shambani.

Hapo ndipo penye hatari kwa ushirika. Mkutano Mkuu ukiitishwa wakati wa kulinda mpunga, walioko madunguni hawatafika, na wachache walioko karibu na ofisi ndio watakaoamua bei ya usafirishaji, makato na viongozi. Malalamiko yatakayofuata yataitwa fitina, kumbe chanzo chake ni kalenda.

Siku hizi kalenda yenyewe inabadilika. Bwawa la Julius Nyerere lilianza kujazwa maji Desemba 2022, na mtambo wake wa kwanza ukaanza kuzalisha umeme Februari 2024. Hata hivyo, Aprili 2024 mafuriko yaliharibu mashamba na makazi mengi Rufiji na Kibiti. Desturi ya wazee ya kuutazama mto bado ina thamani, lakini sasa iambatane na taarifa za hali ya hewa na za wasimamizi wa bwawa.

Kwa hiyo kila Katibu aandike, kando ya jina la mwanachama, mahali lilipo shamba lake na miezi akaayo huko. Ratiba ya mikutano itokane na orodha hiyo. Pembejeo za delta zitangulie, kwa kuwa mashua haiendi kwa amri ya ofisi.

Chama ni cha wanachama wote, wa kilimani na wa majini. Asiyeweza kufika mkutanoni amenyang'anywa sauti yake, hata kama hisa zake zimelipwa zote.