Mbegu Huota Mkulima Akiwa Amelala

Dominika ya 11 ya Mwaka B
Injili: Marko 4:26-34



Katika Injili ya Dominika hii, Bwana wetu anatuonyesha mkulima aliyetupa mbegu ardhini kisha akaenda zake kulala. Usiku ukapita, mchana ukapita, mbegu ikaota na kurefuka, naye asijue imekuwaje. Mara nyingi tusikiapo mfano huu tunamtazama mkulima. Leo nawaomba tuitazame ardhi. Yesu anatukumbusha kwamba ardhi inafanya kazi yake hata pale mwanadamu asipokuwapo. Basi, tujiulize: kama mkulima yule asingeamka kamwe, ingekuwaje?

Swali hili sikulitunga mimi. Niliulizwa na msichana mmoja wa sekondari, siku nilipofuatana na vijana wa parokia kwenda kuyaona magofu ya Gede, karibu na Malindi. Gede ulikuwa mji wa Waswahili uliozungukwa na ukuta, wenye msikiti mkuu, jumba la mtawala, visima, na nyumba za mawe zenye vyoo na mifereji ya maji. Kaburi mojawapo lina maandishi ya mwaka 802 wa Hijria, yaani mwaka 1399 kwa kalenda yetu. Wenyeji wake walikuwa na vyombo vya kaure kutoka China. Katika karne ya 17 mji ule ulihamwa, na hata leo wataalamu wanajadiliana juu ya sababu: je, ni vita, au ni visima vilivyokauka? Msitu haukungoja jibu.

Ndugu zangu, nyumba isiyo na mtu haianguki kwa siku moja. Mvua hupenya paani, mchwa hula boriti, paa hushuka, na jua huingia mahali ambapo halikuwahi kuingia. Ndege hudondosha mbegu juu ya ukuta. Mizizi huteremka ikitafuta udongo, nayo hupasua chokaa ambayo fundi aliipiga kwa jasho lake. Majani huoza yakawa udongo, na udongo huzaa miti mingine. Ndivyo ilivyokuwa Gede. Mtaalamu James Kirkman alipoanza kuchimbua pale mwaka 1948, alikuwa anautafuta mji ndani ya msitu. Leo kima hurukaruka juu ya kuta za watu waliokuwa matajiri.

Tukiwa pale, msichana yule aliniambia, "Padre, hapa pamependeza kuliko mtaani kwetu. Je, isingekuwa afadhali kwa dunia kama sisi watu tusingekuwapo?" Wenzake walicheka. Yeye hakucheka. Nami nilikosa jibu la haraka.

Wapendwa, tusimkemee kijana anayeuliza hivyo. Amekua akiona mito iliyojaa mifuko ya plastiki na vilima vilivyonyolewa miti kwa ajili ya mkaa. Swali lake lina ukweli ndani yake. Dunia si mali yetu; ni ya Mungu. Alikuwa akiipatia mvua na mimea kabla hajamweka mtu bustanini, naye anaweza kuitunza hata sisi tukiwa hatupo. Huko Ukraine, baada ya mtambo wa nyuklia wa Chernobyl kulipuka tarehe 26 Aprili 1986, mji wa Pripyat wenye watu wapatao 50,000 ulihamishwa kesho yake. Sasa miti imeota katikati ya barabara zake, na mbwa mwitu na nguruwe mwitu wanazurura katika eneo lile. Mtu akijiona yeye ndiye nguzo inayoshikilia ulimwengu, na aende akatazame pale, ajifunze unyenyekevu.

Lakini ukweli ule si ukweli wote. Ardhi ya Chernobyl ina miti, na bado ina sumu. Kiasi cha sesiamu iliyomwagika pale hupungua kwa nusu kila baada ya miaka 30 hivi. Plutoniamu nayo huhitaji miaka kama 24,000 ili ipungue kwa nusu. Miti inaweza kuifunika dhambi yetu kwa majani mabichi, haiwezi kuitubu.

Tena, litazameni hindi, chakula chetu cha kila siku. Punje zake zimeshikana katika gunzi na kufungwa ndani ya maganda. Likianguka chini zima, miche huota imesongamana na kunyang'anyana udongo, ikafa. Mahindi hayawezi kudumu bila mkono wa kuyapukuchua na kuyapanda. Mwanadamu akitoweka, msitu utabaki, lakini shamba la mahindi halitapita misimu mingi. Mungu, aliyeweza kufanya yote peke yake, alitaka kuwe na viumbe vinavyotungoja sisi. Kitabu cha Mwanzo chasema mtu aliwekwa bustanini ailime na kuitunza. Aliajiriwa, hakumilikishwa, hata hivyo aliajiriwa kweli.

Maandiko yanalijua pia swali la msichana yule. Waisraeli walipoinyima ardhi pumziko lake la mwaka wa saba, walipelekwa uhamishoni, na kitabu cha pili cha Mambo ya Nyakati chatuambia kwamba nchi ilipumzika miaka 70. Hapa tusikilize vizuri. Miaka ile ilipotimia, Mungu hakusema kwamba nchi imependeza bila watu, basi ibaki hivyo. Aliwarudisha watu wake. Hakuichagua nchi akawatupa watu, wala hakuwachagua watu akaitupa nchi.

Niruhusuni niwaambie habari ya nyumbani kwetu. Mama yetu alipofariki, mimi na mdogo wangu tuligombana juu ya mpaka wa shamba. Mimi, padre, ninayewahubiria wengine msamaha, nilikaa miaka sita bila kukanyaga pale. Niliporudi, nilikuta jikoni kwa mama pameota mpapai uliotokeza kichwa paani. Mchwa walikuwa wamemaliza mlango. Majani yalikuwa yamefunika kaburi lake, nisilione mpaka nikaligusa kwa mguu. Ardhi ilikuwa imefanya kazi yake yote kwa miaka ile sita. Iliufuta hata ule mpaka tuliougombea. Jambo moja tu haikulifanya: haikutupatanisha. Ilinibidi nitembee kwa miguu yangu hadi kwa mdogo wangu, nibishe hodi. Alinyamaza kwa muda, kisha akaingia ndani akatoka na mapanga mawili. Tukalisafisha kaburi pamoja. Mpapai tuliuacha, nao unazaa.

Hilo ndilo jibu nililokosa siku ile pale Gede. Binti yangu, kama unanisikiliza asubuhi hii: dunia inaweza kuota majani bila sisi. Kuomba msamaha, kushukuru na kurudisha kilichoibwa, hayo Mungu ameyaweka katika kiumbe kimoja. Wewe si kosa lililofanyika katika uumbaji. Wewe ni yule mkulima, na kumekucha.

Makatekista na viongozi wa jumuiya, wiki hii zungukeni katika vigango vyenu. Tafuteni mahali ambapo tumeiumiza ardhi: chemchemi iliyochafuliwa, kilima kilichobaki uchi. Tafuteni pia mlango usiobishwa hodi kwa miaka. Anzeni na hivyo viwili, kwa maana mara nyingi vinapakana.

Mungu Mwenyezi awabariki, Baba, na Mwana, na Roho Mtakatifu. Amina.

Tumsifu Yesu Kristo.