Mazungumzo juu ya Okidi ya Sapatu



Leo twataka kuzungumza nanyi juu ya ua ambalo wengi hulitamani, na wachache huliona likichanua nyumbani mwao. Ni okidi ya sapatu, iitwayo hivyo kwa kuwa mdomo wa ua lake umefanana na ncha ya sapatu. Aina tuliyo nayo sisi huitwa na wataalamu Paphiopedilum rothschildianum. Kwao ni kando za mlima Kinabalu, katika kisiwa cha Borneo, wala haioti mwituni mahali pengine po pote. Habari zake ziliandikwa na wataalamu mara ya kwanza mwaka 1888.

Taabu yake ya kwanza ni uzito wa kukua: tangu mbegu hata ua la kwanza huweza kupita miaka 10 na zaidi. Taabu ya pili ni sisi wenyewe. Mche wetu wa kwanza tuliuua kwa wema. Kila siku tuliunywesha maji, hata mizizi ikaoza.

Basi msiipande katika udongo wa shamba. Tieni chunguni vipande vya maganda ya msonobari pamoja na vijiwe vyepesi, na chungu kiwe na matundu chini. Mwagieni maji ya mvua asubuhi, maganda yakikaribia kukauka; maji yasituame katikati ya majani. Iwekeni penye mwanga mwingi na hewa ipitayo, lakini jua kali la adhuhuri lisiifikie. Mbolea iwe hafifu. Wala msiigawanye vipande vidogo kwa tamaa ya miche mingi, maana itarudi nyuma miaka. Chipukizi lililokwisha kuchanua halichanui tena. Huzaa mengine ubavuni, nayo ndiyo ya kungojewa.

Liko neno kubwa kuliko hayo. Watu wenye haraka waliipanda milima ile wakaing'oa, hata imekuwa haba sana. Sasa mapatano ya mataifa yamekataza biashara ya miche iliyotoka mwituni. Kwa hiyo anayeitaka na anunue mche uliooteshwa kwa mbegu katika bustani, tena aulize hati zake kwanza.

Mche wetu wa pili tunao mwaka wa tisa sasa, wala haujachanua. Majani yake ni mazima, na chipukizi jipya limetokea. Subira yavuta heri, nasi twangoja.