Bei ya Gilasi
(Maneno ya katibu wa tawi katika mkutano wa wanachama)

Ndugu wafanyakazi,

Leo nitasema habari ya pombe. Sikuja kuhubiri, wahubiri wako, na asiyekunywa na azidi hivyo hivyo. Habari yangu ni sheria zilizowekwa ili kutulinda, na jinsi zilivyomwangukia mtu wa mshahara mdogo.

Mwaka 1980 chang'aa ilipigwa marufuku na sheria ya Kenya. Haikwisha. Iliingia vichochoroni, mahali asipofika mpimaji, na wapishi wengine wakaitia spiriti za viwandani. Novemba 2000 ile ya kumi kumi, yaani gilasi kwa shilingi kumi, iliua watu zaidi ya 100 katika mitaa ya maskini ya Nairobi. Wengine wakapofuka. Mwaka 2010 sheria mpya ikairuhusu chang'aa, lakini kwa leseni na chupa za kioo. Mama mpishi atapata wapi mtambo wa kutia chupani?

Tena mwaka 2004 Serikali ilisamehe ushuru wa bia ya pipa, Senator Keg, ili mtu wa chini apate kinywaji safi. Watu wakaifuata. Mwaka 2013 ikatozwa ushuru wa asilimia 50. Bei ikapanda, wanywaji wengi wakaiacha. Je, waliacha kunywa? Mei 2014 pombe yenye methanoli iliua watu zaidi ya 80 huko Embu, Kiambu na kwingineko. Aliyetia sumu ndiye muuaji, hilo halina ubishi. Lakini nani alimpelekea wateja? Mwaka 2015 msamaha ulirudi, asilimia 90.

Kwa hiyo tukiulizwa maoni juu ya ushuru wa pombe, na sisi tuulize: bei ikipanda, mtu wa zamu ya usiku atakunywa nini, na nani atakipima?

Jambo moja bado. Methanoli haina rangi, na mnywaji hawezi kuitambua kwa harufu. Mtu hulala mzima. Baada ya saa kumi na mbili, au hata siku nzima, huumwa tumbo na kuona ukungu machoni. Wenzake hudhani ni uchovu wa pombe tu. Huyo apelekwe hospitali mara moja, asifichwe kwa kuogopa polisi. Dawa iko, ila akicheleweshwa macho hayarudi. Mwambieni daktari alikunywa nini, na saa ngapi.