Aliyekamatwa Naye ni Jirani Yetu



Tumeombwa tuseme juu ya ugaidi na haki za waliokamatwa. Yatupasa kuanza na marehemu. Tarehe 7 Agosti 1998 bomu liliua watu 11 kwenye ubalozi wa Marekani jijini Dar es Salaam, na siku ileile zaidi ya 200 waliuawa Nairobi. Februari 2013 Padre Evarist Mushi alipigwa risasi Zanzibar. Mei bomu likarushwa kanisani Olasiti, Arusha. Tarehe 13 Aprili 2017 askari polisi 8 waliviziwa na kuuawa Kibiti, katika mkoa wetu huu wa Pwani, na viongozi wa vijiji wakawa wanauawa mmoja baada ya mwingine. Basi asitokee mtu wa kusema kwamba anayetetea haki za mahabusu hayajui machungu ya mfiwa.

Swali letu ni hili: mtu akishatiwa mikononi mwa dola, atendewe nini ili aseme kweli?

Wako wanaojibu kwamba apigwe. Kwao twasimulia habari ya Mlibya mmoja, Ibn al-Shaykh al-Libi. Mwishoni mwa 2001 aliangukia mikononi mwa Wamarekani, nao wakampeleka Misri akahojiwe. Huko aliteswa hata akasema yale yaliyotakiwa: kwamba Irak iliwafundisha watu wa al-Qaida kutumia silaha za sumu. Tarehe 5 Februari 2003 Waziri wa Mambo ya Nje wa Marekani, Colin Powell, aliyasoma maneno hayo mbele ya Baraza la Usalama la Umoja wa Mataifa kana kwamba ni ushahidi. Mwezi uliofuata vita ikaanza. Papa Yohane Paulo II alikuwa ameionya dunia tangu Januari, na mwezi Machi alimtuma Kardinali Pio Laghi kwa Rais Bush, hakusikilizwa. Hatusemi kwamba vita ile ilitokana na ungamo hilo peke yake, maana walioitaka walikuwa na sababu zao. Lakini mwaka 2004 al-Libi aliyakana yote, na waliokufa Irak walikuwa wamekwisha kuzikwa.

Mwezi uleule wa Machi 2003 Mtanzania mwenzetu, Suleiman Abdullah Salim, mvuvi, alitekwa Mogadishu na kukabidhiwa kwa CIA. Alipelekwa Afghanistan, akafungwa minyororo gizani, akapigwa na kunyimwa usingizi. Miaka mitano ikapita. Mwaka 2008 alirudishwa nyumbani na karatasi isemayo kwamba si mtu wa hatari. Hakushtakiwa kwa kosa lolote. Yeye na wenzake waliwashtaki wanasaikolojia wawili waliobuni mateso hayo, na mwaka 2017 wakamalizana nao nje ya mahakama.

Huenda mtu akasema: huyo hakuwa na hatia, lakini mwenye hatia je? Mzanzibari Ahmed Khalfan Ghailani alishtakiwa New York kwa mabomu yale ya 1998. Mwaka 2010 jaji alimkataa shahidi muhimu kutoka Tanzania, kwa kuwa jina lake lilipatikana kwa kumtesa mshtakiwa. Kati ya mashtaka zaidi ya 280, Ghailani alitiwa hatiani kwa shtaka moja tu. Alifungwa maisha, ni kweli. Lakini jamaa za marehemu wetu 11 hawakumsikia shahidi yule kortini, na waliowanyima ni wale waliomtesa mshtakiwa.

Sasa turudi nyumbani. Baada ya mauaji ya Kibiti, Rufiji na Mkuranga, msako ulikuwa mkali, na familia nyingi zilibaki zikiuliza walipo watu wao. Mwandishi wa Mwananchi, Azory Gwanda, aliyekuwa akiandika habari za mauaji hayo, alichukuliwa Kibiti tarehe 21 Novemba 2017 na hakuonekana tena. Kisarawe inapakana na Mkuranga. Habari hizi si za ng'ambo.

Si ajabu kusikia katika jumuiya neno hili: "Hao si wa kwetu." Masheikh wa Uamsho wa Zanzibar walishtakiwa kwa ugaidi mwaka 2014, kosa lisilo na dhamana, wakakaa mahabusu mpaka Juni 2021 Mkurugenzi wa Mashtaka alipoifuta kesi bila kufika hukumu. Wakristo wangapi waliuliza? Mwezi uliofuata akakamatwa Freeman Mbowe, aliyekuwa mwenyekiti wa CHADEMA, akashtakiwa kwa Sheria ileile ya Kuzuia Ugaidi ya 2002, hata Machi 2022 alipoachiwa. Hapo ndipo wengi walipoanza kuisoma.

Katiba yetu, ibara ya 13(6), inakataza mtu kuteswa, na inamhesabu mshtakiwa kuwa hana kosa mpaka ithibitike. Katekisimu ya Kanisa Katoliki, namba 2297, yakataza mateso ya kulazimisha ungamo. Na namba ifuatayo haifichi kwamba zamani mahakama za Kanisa zenyewe ziliyatumia. Tusome zote mbili.

Twapendekeza kila kigango kiwe na daftari. Mtu akichukuliwa, iandikwe siku ileile: jina lake, saa, mahali, namba ya gari kama ilionekana, waliomchukua walijitaja nani, na nani alishuhudia. Ndugu zake wasiende kituoni peke yao. Waende na mwenyekiti wa mtaa au kijiji na mjumbe wetu mmoja, waulize kwa adabu kosa ni lipi na mahakamani atafikishwa lini. Akiwa Mwislamu, wajumbe wetu wapitie kwanza kwa imamu, waende pamoja. Asipopatikana kituo cha kwanza, waandike jibu walilopewa na jina la aliyelitoa, kisha waende cha pili.