Nyumba Imara Hujengwa Kabla ya Tetemeko



Tarehe 6 Januari 1928, tetemeko la ardhi la kipimo cha 6.9 lilitokea Subukia, katika Bonde la Ufa. Ardhi ilipasuka kwa zaidi ya kilomita 30. Wakati huo wakazi walikuwa wachache, na nyumba nyingi zilikuwa za miti na nyasi. Tarehe 10 Septemba 2016, tetemeko dogo kuliko hilo, la 5.9, lilipiga Bukoba, Tanzania. Zaidi ya watu kumi walifariki, na mamia ya nyumba zikabomoka. Wengi huumizwa na kuta zinazoanguka, si na mtikisiko wenyewe.

Meru na Embu haziko ndani ya Bonde la Ufa, lakini mtikisiko husafiri mbali. Na leo nyumba za mawe zimejaa kila mahali.

Ukuta wa mawe hubeba uzito wa paa vizuri. Tetemeko, hata hivyo, huusukuma kutoka ubavuni. Ukiwa umeshikwa kwa udongo au saruji haba, hupasuka kwenye pembe na juu ya madirisha, kisha huanguka. Dawa yake inajulikana: mkanda wa zege wenye vyuma ndani, unaozunguka nyumba yote juu ya milango na madirisha. Mkanda huo hufunga kuta nne zikatikisika pamoja.

Ardhi nayo ina hatari yake. Miteremko ya Mlima Kenya na Nyambene ina udongo mwingi wa volkano. Ukishiba maji ya mvua, hata mtikisiko mdogo waweza kuuporomosha. Anayekata kilima ili apate kiwanja huondoa kinachokishikilia. Ufa mpya shambani, au miti iliyoanza kuinama, ni jambo la kumwarifu chifu mapema.

Kabla ya kuchimba msingi, ramani ya jengo ipitishwe na kaunti, na mwenye nyumba amuulize fundi: mkanda uko wapi, na vyuma ni vingapi? Shule na makanisa yahitaji swali hilo zaidi, maana hukusanya watu wengi chini ya paa moja.

Ardhi ikitikisika, walio ndani wajikinge chini ya meza imara, mbali na madirisha. Walio nje wakae mbali na kuta na nyaya za umeme.