Akiba ya Jua kwa Kazi ya Usiku
Maneno ya Katibu mbele ya wajumbe, katika sherehe ya Chama Kikuu kutimiza miaka 10



Tumekwisha kusifu mizani, maghala na vitalu vya miche vya miaka hii 10, na sifa hizo ni haki. Sasa twaomba ruhusa tuseme juu ya ghala la namna nyingine, ambalo vyama vya msingi vimekuwa vikituuliza habari zake: betri ya kuwekea nguvu za jua.

Sote twajua kwamba kahawa iliyochumwa asubuhi haina budi kumenywa siku ile ile, isije ikachacha na kupoteza ladha. Lakini wachumaji hurudi alasiri, na foleni ya mizani ikiisha, jua limekwisha kuzama upande wa Ziwa. Paneli zisizo na betri hulala saa ile ile mashine inapotaka kuamka.

Mwaka 2019 ilizinduliwa njia kuu ya umeme kutoka Makambako hadi Songea, nao mkoa wetu ukapunguza kutegemea dizeli. Hata hivyo, kijiji kilicho mbali na nguzo, kiwe mlimani au ufukweni mwa Nyasa, ni kisiwa ingawa hakikuzungukwa na maji. Basi yafaa tujifunze kwa watu wa visiwani.

Katika Ziwa Viktoria, kijiji cha Bwisya kisiwani Ukara kilianza kupata umeme wa kampuni ya JUMEME mwaka 2016. Paneli huzalisha mchana, betri hutoa usiku, na mashine ya dizeli hungoja siku za mawingu. Katika ziwa letu wenyewe, watu wa Likoma, jirani zetu tangu siku za misheni, kwa miaka mingi walipata umeme wa dizeli. Mafuta ya kisiwani hungoja chombo. Chombo kikichelewa, taa nazo huchelewa.

Sasa tufanye hesabu. Mota ya kilowati 3 ikizunguka saa 4 hula uniti 12. Betri za asidi hazifai kutumiwa zaidi ya nusu ya shehena yake, kwa hiyo zatakiwa za uniti 24, nazo huchakaa baada ya miaka michache. Betri za lithiamu za uniti 15 zaweza kutoa zile 12, na zikitunzwa hudumu miaka 10 au zaidi, ila bei yake ya kuanzia ni kubwa.

Wazee wa Kimatengo walichimba ngoro mlimani ili maji ya mvua yasikimbilie bondeni. Ngoro hazikuchimbwa mara moja zikaachwa. Zilifanywa upya kwa zamu. Wahenga walisema akiba haiozi, lakini betri huchakaa. Akiba isiyooza ni fedha ya kununulia nyingine.

Kwa hiyo twashauri: chama chochote kisinunue betri kabla mkutano mkuu haujakubali makato madogo kwa kila kilo ya kahawa, yawekwe katika hesabu yake peke yake. Mfadhili aweza kutupa betri ya kwanza. Ya pili ni juu yetu.