Mwache Aulize

Juma hili nina deni la kulipa, na anayenidai ni binti yangu wa darasa la tano.

Baba yangu mzazi aliugua miezi minne. Nyumbani haikupita siku bila dua. Walikuja masheikh, wakaja majirani, hata mama mmoja Mkristo wa nyumba ya pili alikuja akakaa nasi ukumbini, akaomba kwa namna yake. Mzee akafariki. Siku ya arobaini, wageni wengi wakiwa wamekwisha kuondoka, mtoto akaniuliza: "Baba, Mungu hakutusikia tulipomwombea babu?"

Nilimkemea. Nikamwambia hayo hayaulizwi, nikamtuma akaoshe vyombo. Maneno yenyewe sikuyatunga mimi. Niliambiwa hivyo hivyo chuoni nilipokuwa na umri kama wake, na siku ile yalifuatana na bakora. Bakora naikumbuka mpaka leo. Jibu silikumbuki, kwa sababu halikutolewa.

Mama yangu, aliyekuwa ndani amekaa eda, alisikia yote. Akaniita. "Mwache aulize, mwanangu. Mimi namwuliza Mwenyezi Mungu swali hilo hilo kila alfajiri. Kama nisingemwamini, ningemwuliza nani?"

Nilikosa la kusema, na mimi kazi yangu ni kusema.

Usiku nikafungua Sura ya Baqara, pale Nabii Ibrahim anapomwomba Mola amwonyeshe jinsi anavyofufua wafu. Anaulizwa kama hajaamini. Anajibu kuwa ameamini, ila ataka moyo wake utulie. Hakufukuzwa, aliambiwa atwae ndege wanne. Na jirani yetu yule akanikumbusha Tomaso wa Injili ya Yohana, aliyekataa kusadiki ufufuo mpaka aone alama za misumari. Naye alionyeshwa, na papo hapo akakiri kwa maneno mazito.

Yupo pia Imam Ghazali. Mwaka 1095 alikuwa mwalimu mwenye sifa kubwa katika chuo cha Nizamiyya, Baghdad. Akajiuliza: hivi nafundisha kwa ajili ya Mungu, au kwa ajili ya jina langu? Swali likamwelemea hata ulimi ukafunga, asiweze kutoa darasa. Akaacha cheo, akaenda Sham. Kitabu chake cha Ihyaa, kinachosomeshwa misikitini mwetu hadi leo, kimetokana na miaka ile. Nashangaa: tunakiheshimu kitabu, lakini mtoto akianza safari kama ya mwandishi wake tunamtafutia bakora.

Sisemi kila swali ni la heri. Wapo waulizao ili wacheke, na hao huwajui kwa maneno yao bali kwa kutongoja jibu. Binti yangu alikuwa akingoja, sahani mkononi. Nisipompa nafasi mimi, atauliza kwingine, au ataacha kuuliza, akaendelea kusali mdomoni tu. Hilo la pili ndilo linalonitisha, kwa kuwa mimi mwenyewe nimelipitia kwa miaka mingi.

Jana jioni nilimwita barazani. Nikamwambia, mwanangu, nilikosea kukukemea. Kuhusu babu, naamini tulisikiwa, ila kwa nini ikawa vile, sijui. Akanitazama sana. Kisha akauliza swali la pili, gumu kuliko la kwanza, na tukakaa pale mpaka adhana ya Isha.